Nilijaza newsletter kwenye email ya dada yangu, nikafuta barua yake ya usaili

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wenzangu mambo vipi.

Humu nina mwaka wa pili nasoma tu. Sijawahi kucomment hata mara moja. Naandika, naangalia, nafuta. Leo sifuti. Haya yote yapo kwenye diary yangu na nimeyatoa kama yalivyo, nilichobadilisha ni majina.

Nipo Itigi, kidato cha tatu. Nina aibu sana. Naweza kutumwa sabuni dukani, nikakuta watu wengi, nikarudi nyumbani nikasema imeisha.

Nyumbani tupo na baba, mama na dada yangu, tumwite Neema. Neema amesomea uuguzi. Cheti anacho, ila ajira hana, kwa hiyo anajitolea zahanati huku anaomba kazi kila anaposikia.

Sasa ilianzaje.

Mwalimu wa field, yaani wa mazoezi, wa Fizikia alituambia darasani kuna watu wanaandika newsletter, yaani barua inayokuja kwenye email yako kila wiki, bure, ukishaweka anwani yako. Yeye anapokea ya mambo ya nyota. Darasa zima likacheka. Mmoja nyuma akasema, "Sir, na hizo nyota zinakusalimia?"

Mimi sikucheka. Niliandika neno hilo nyuma ya daftari.

Kwetu kitabu kimoja cha Fizikia tunakizungusha kundi zima, na kikifika kwako kurasa za katikati hazipo. Nikasema kama kuna mtu anatuma maarifa bure, mimi nayataka.

Shida ikawa email. Sina.

Hapa niwaeleze kitu, maana wa mjini mnaweza kushangaa. Huku kwetu wengi email hatufungui wenyewe. Unafunguliwa stationery siku ya kuomba chuo au kazi, na password inabaki kwenye daftari la stationery. Ukitaka kujua kama umejibiwa unaenda kwa Kaka Imma mwenye stationery, anatoa daftari lake, anatafuta jina lako, anakuangalizia.

Neema ana smartphone, na ile email imo humo humo. Lakini haigusi. Anasema mambo ya ajira yanaangaliwa kwenye kompyuta. Simu yenyewe anaiacha nyumbani ikiwa kwenye chaji, anaenda zahanati na kisimu cha kitochi.

Mimi nikaiona ile email kama nyumba isiyo na mtu. Nikaingia.

Wakuu, nilisubscribe kama mtu aliyefunguliwa ghala. Kiingereza, sayansi, roketi, mapishi ya vitu ambavyo Itigi havipo. Kuna moja ya kupunguza tumbo, mpaka leo sijui ilifikaje. Zilifika thelathini na moja.

Nyingi ni takataka. Inaanza "rafiki mpendwa", chini inakwambia nunua kozi haraka nafasi zinaisha. Wiki ijayo nafasi bado hazijaisha.

Ila kulikuwa na chache, jamani.

Moja anaandika mama mmoja anayefuga nyuki kwenye nchi kavu kama huku kwetu. Baba ana mizinga ndani ya vichaka, nikaanza kumtafsiria kwa kamusi. Siku hiyo yule mama alieleza kwamba masega ya zamani yaliyoachwa wazi yatolewe mapema, kwa sababu nondo wanataga humo halafu mzinga unaharibika wote.

Baba akasema, "Huyo hakusoma darasani. Huyo ameumwa na nyuki."

Kuanzia hapo kila wiki ananiuliza, "Mama wa nyuki ameandika?" Neema akisikia alidhani nayatoa shuleni. Baba yangu kuniuliza kitu mimi, na mimi kumjibu sentensi zaidi ya tatu. Niliandika kwenye diary kurasa mbili nzima.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Jumamosi moja simu ikaandika nafasi imejaa. Nikaogopa Neema ataona. Nikaingia kwenye email, nikachagua zote, nikafuta. Sikusoma hata kichwa cha moja. Nikaona nimefanya usafi.

Jumanne jioni naosha vyombo, Neema akarudi, hakusalimia mtu. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mama.

"Wenzangu wote tulioomba nao ile hospitali ya Dodoma wameitwa. Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuthibitisha. Mimi nimeachwa."

Mama akamuuliza kama ameangalia vizuri.

"Nimetoka kwa Imma sasa hivi. Ananicheka mbele za watu. Ananiambia, Neema, unataka uuguzi au unataka kurusha roketi? Email imejaa barua za kizungu, ya hospitali haipo."

Kisha akalia. Dada yangu halii, wakuu. Alichomwa na mwiba ukatokea upande wa pili hakulia.

Sufuria ilinitoka mkononi. Nilijua pale pale. Hakuachwa. Barua yake niliifuta mimi.

Nilitaka kusema, mdomo ukagoma. Nikaingia ndani, nikachukua diary, nikaandika mistari mitano, nikachana ukurasa, nikampa mkononi. Nikabaki nimesimama mbele yake. Nilijiambia hata akinipiga sikimbii.

Akasoma. "Ulifuta?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Zote?"

"Zote."

"Mungu wangu. Haka kakimya ndiko kanakoua watu."

Bando kwenye simu lilikuwa limekata. Akanishika mkono, tukaenda stationery karibu kukimbia. Kaka Imma alikuwa anataka kufunga, ila kulikuwa na watu wanatoa kopi, na mmoja nasoma naye darasa moja.

"Neema, si nimekuangalizia?" Imma akasema. "Hakuna kitu, dada yangu."

Neema akanigeukia. "Sema wewe. Ndiye unayejua ulikoiweka."

Nikasema. Sauti haikutoka. Yule wa darasani kwetu ananitazama, miguu inataka kuondoka peke yake.

Nikarudia. "Kaka Imma, shikamoo. Fungua Trash. Shuka mpaka Jumamosi."

"Kumbe huyu anaongea!" Watu wakacheka.

Waliendelea kucheka na mimi nikaendelea kusema. "Shuka. Hiyo ni ya mapishi. Shuka tena. Hapana, umepita. Rudi. Hapo."

Ilikuwepo. Kati ya keki na roketi. Jina la Neema lote limeandikwa kwa herufi kubwa, usaili, tarehe, lete vyeti halisi.

Hakuna aliyecheka tena. Neema akamwambia Imma asogee, akaandika majibu mwenyewe kwa vidole viwili. Alisoma mara tatu ndipo akatuma.

Tulipovuka reli Neema akanigeukia. Nilikuwa nasubiri kipigo.

"Na ya mama wa nyuki umeifuta?"

"Ndiyo."

"Irudishe. Baba ataniuliza mimi."

Usaili aliuwahi, akafanya. Majibu hayajatoka mpaka naandika hapa. Naomba kila siku, na nikiomba najitaja na mimi.

Kesho yake nilianza kujitoa, moja moja. Nyingine neno la kujitoa wamelificha chini kabisa kwa maandishi ya kijivu, nyingine zinakuuliza una uhakika mara mbili. Nina uhakika. Nimebaki na nne. Kipimo changu ni hiki: nikimaliza kuisoma, nina kitu cha kwenda kumwambia mtu? Kama sina, naitoa. Maana mimi kumwambia mtu kitu ni kazi, siifanyi kwa takataka.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Kaka Imma peke yangu. Nikamwambia nataka email yangu mwenyewe. Akafungua daftari, kalamu mkononi, akaniuliza tuweke password gani.

Nikamwambia, "Kaka, geuka kidogo. Nitaandika mwenyewe."

Akageuka. Alicheka, lakini aligeuka.

Nilichojifunza: email ya mtu ni mlango wake, hata kama yeye hapiti kila siku. Na kitu kizuri kikiwa kingi bila kuchagua, kinafunika kile kilichokuwa kinakutafuta.

Sasa wakuu, nimejiwekea mwisho newsletter tano. Nafasi imebaki moja. Mwenye anayoipenda kweli anitajie moja tu, ikiwa ya Kiswahili nitashukuru zaidi, na aniambie ni kitu gani alikisoma humo akaenda kumwambia mtu.

Nitajibu kila comment. Nimesema nitajibu.