Siku Senje Rispa Alipoifungua Pawaso ya Baba

Enzi zetu kule Malinya, uwanja wetu wa kuchezea ulikuwa rundo la unga wa mbao nyuma ya nyumba, mahali Baba alipopasulia miti. Tuliruka kutoka juu ya gogo tukazama humo hadi magotini, kisha tukaingia ndani kula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda tukiwa na unga mpaka masikioni. Mama alikuwa akitutazama na kusema, "Nyinyi mnanukanga kama karakana." Sisi tuliona ni sifa. Watoto wa siku hizi kiatu kikipata vumbi kidogo, wanatafuta kitambaa chenye maji.

Baba alikuwa mpasuaji mbao. Pawaso yake, ule msumeno wa petroli wenye mnyororo, aliinunua ikiwa kuukuu tayari. Rangi ya machungwa ilikuwa imechujuka, mpini umezungushiwa tyubu ya baiskeli, na kifuniko kimeshikwa kwa waya. Lakini kila jioni Baba alikaa kwenye kigoda akanoa meno ya mnyororo kwa tupa, jino baada ya jino, na hakuna aliyethubutu kumsemesha kabla hajamaliza. Majirani walisema mbao zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Mimi nilikwenda shule kifua mbele kwa maneno hayo.

Nikiwa darasa la sita, upepo wa msimu wa mvua uling'oa paa la madarasa mawili ya shule yetu. Tukahamia kanisani, madarasa matatu kwa pamoja, hesabu za huku zikigongana na mashairi ya kule. Wazazi walikutana. Waliokuwa na mikaratusi wakaitoa, na Baba akasimama mbele ya watu akaahidi kupasua mbao zote kabla muhula haujaisha. Tulipotoka pale, mimi na dada zangu tulitembea nyuma yake kwa fahari.

Siku ya tatu ya kazi, pawaso ilizimika. Baba akavuta kamba, ikaunguruma kidogo, ikazimika tena. Akabadilisha plagi. Akasafisha kichujio cha hewa. Ilipopoa iliwaka, ilipopata moto ikafa, na mwishowe ikakataa kabisa. Baba aliibeba nyumbani begani, akaiweka chini mlangoni, akakataa chai. Hilo la kukataa chai ndilo lililotutisha.

Baba Mdogo Alfayo, mdogo wake Baba, alikuja kesho yake akaizunguka ile pawaso kama anayekagua mzoga. "Hii imekwisha," akasema. "Uza ng'ombe, ununue mpya. Umeahidi watu."

Ng'ombe tuliyekuwa naye ni mmoja, Nyota, na alikuwa wa Mama. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyota akitoka hapa, chai ya hawa watoto utaweka maziwa ya pawaso?"

"Shemeji, mimi nasema tu."

"Sema, lakini usimwangalie ng'ombe wangu ukisema."

Siku mbili Baba hakuamua. Fundi wa mjini alikuwa ameitazama akasema ya kutupa. Kununua kulimaanisha kumwondoa Nyota, na kuacha kulimaanisha kuvunja ahadi iliyosikiwa na kijiji kizima. Ndipo dada yake Baba, shangazi yetu tuliyemwita Senje Rispa, alipopita kutusalimu. Senje ndiye aliyeendesha kinu cha kusaga mahindi pale sokoni. Injini ya kinu ilipougua aliitibu mwenyewe, lakini wanaume walisema amezoea tu hiyo moja.

"Umeifungua?" akamuuliza Baba.

"Fundi aliitazama."

"Sijauliza kama imetazamwa. Imefunguliwa?"

Baba akatikisa kichwa. Baba Mdogo Alfayo akacheka, akasema pawaso si kinu, na mwanamke akiivuruga hata wanunuzi wa vyuma chakavu hawataichukua.  Senje alikuwa akimtazama Baba. Baba akainama, akaiinua pawaso yake na kumwekea dada yake mikononi. Sijawahi kumwona akimpa mtu mwingine ile mashine.

Senje alitandika gunia uani. Alifungua skrubu moja moja akazipanga kwa mstari kwa jinsi zilivyotoka, nasi watoto tukachuchumaa kando, tumeusahau hata mchezo wetu wa kati, ule wa kukwepa mpira. Harufu ya petroli na oili ya zamani ikajaa ua. Akavuta mpira mdogo unaopeleka petroli kwenye kabureta, akaukunja. Ufa mwembamba kama unywele ukaonekana.

"Inavuta hewa hapa," akasema. "Ndiyo maana inakufanga ikishika moto." Kisha akaigeuza silinda kwenye mwanga wa jua na sauti yake ikashuka. "Lakini ndugu yangu, nisikudanganye. Pistoni imekwaruzika. Nikiweka mpira mpya na ringi mpya, itamaliza kazi ya shule. Baada ya hapo nakuhesabia misimu michache. Haitarudi kuwa ya ujana wake. Wewe ndiye uamue."

Baba akatazama kule kanisani tulikosomea. "Tengeneza," akasema.

Jumamosi nusu ya kijiji ilikuwa kwenye magogo, wengine kwa kusaidia, wengine kwa kutaka kuona aibu ya mtu. Baba akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, ikakohoa moshi, ikanyamaza. Nikamsikia Baba Mdogo Alfayo akiguna. Senje akapiga magoti, akarekebisha skrubu ya kabureta robo mzunguko, akainuka na kupangusa mikono kwenye leso. "Sasa," akasema. Baba akavuta mara ya tatu, na pawaso ikanguruma hadi ndege wakaruka mitini. Ilifanya kazi mpaka ikapata moto. Tukasubiri ife. Haikufa. Mama alipiga kigelegele, na Baba Mdogo Alfayo, nimpe haki yake, alikuwa wa kwanza kuingiza bega chini ya gogo.

Paa lilisimama kabla ya muhula kuisha. Mwalimu mkuu alimwita Baba mbele ya wazazi wote ili ashukuriwe. Baba akavua kofia, akamwonyesha dada yake aliyekuwa ameketi nyuma kabisa. "Mimi nilishika tu," akasema. "Huyu ndiye aliyeifufua. Mpigieni yeye makofi." Senje alifunika uso kwa leso, na wanaume waliokuwa wakimcheka wakapiga makofi kwa sauti kubwa zaidi ya wengine. Kuanzia wiki iliyofuata walianza kumletea pampu na pikipiki zao.

Pawaso ile iliishi misimu minne. Ilipokufa kweli, Senje mwenyewe ndiye aliyesema sasa nunua, na Baba akanunua bila kinyongo.

Leo mimi nina karakana yangu Kakamega mjini, na kibao chake kimeandikwa jina la Senje, aliyenifundisha kushika spana nilipomaliza shule. Pawaso za siku hizi ni nyepesi, zina breki, na vijana huvaa vizuia kelele masikioni. Baba hakuwa navyo, sikio la kulia likafa, ndiyo maana leo nikimtembelea lazima nikae upande wake wa kushoto. Sikatai maendeleo. Ila vijana wetu hunipigia simu na kuniita mama kwa Sheng yao, "Mathe, nitengeneze ama ninunue?" na wanataka jibu kabla sijaiona hiyo mashine, nikichelewa kidogo wamekwisha kuagiza nyingine mtandaoni. Enzi zile mtu aliibeba mashine yake begani kuvuka vilima viwili, akaketi kwenye benchi la Senje, akanywa chai, akasubiri mpaka skrubu ya mwisho itoke. Benchi ninalo, na birika ninalo. Wa kuketi ndio wamekuwa wachache.