Msuli wa Kifuani

Nilitoka Gare hadi hospitali ya Lushoto kwa sababu ya kikohozi kilichoninyima usingizi wiki mbili. Daktari alinipapasa kifua, akashangaa. Kando ya mfupa wa katikati nina msuli mwembamba ambao watu wengi hawana. Akasema hauna madhara, kisha akaita wanafunzi wake wote waje kuugusa. Jamani, nilikuja kutibiwa au kutazamwa? Kila mmoja aliniamkia shikamoo kabla ya kunibonyeza, nami ningeachaje kuitikia? Marahaba, nakohoa. Marahaba, nakohoa. Walipomaliza, daktari alinishukuru sana, akaniambia nivae shati niende.

Nyumbani mke wangu aliuliza nimepewa dawa gani. Nikakohoa weee, kisha nikamjibu kwa hasira, “Nina msuli!”