Bango la Tatu

Evarista anaandika mabango mtaani Nkuhungu, kwenye kibanda kilichojaa makopo ya rangi. Ameandika majina ya saluni, bei za chipsi, hata "Usikojoe hapa" kwenye kuta za watu. Mteja akileta maneno, anaandika. Haulizi.

Mwaka jana mabomba ya mtaa wao yalikauka wiki saba. Akina mama wakakubaliana kwenda na ndoo tupu mpaka ofisi ya mtendaji wa kata. Walitoa taarifa polisi, wakaruhusiwa. Evarista akawaandikia mabango mawili ya kudai maji. La tatu aliliagiza Marko, seremala jirani yake: "Mgumba atajuaje shida ya mama?"

Mtendaji alikuwa Hilda, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Hakujaliwa mtoto, na mtaa mzima ulijua.

Evarista alisita kidogo. Kisha akajiambia kila mtu ana haki ya kusema lake, akaandika, tena kwa herufi nzuri nyekundu.

Siku ya maandamano watu walicheka njia nzima. Hilda akatoka nje, akasoma mabango moja moja. Alipofika la tatu, kicheko kikakatika, na habari ya maji ikafia hapo hapo. Askari aliyewasindikiza akauliza nani kaandika lile. Asipopatikana, alisema, mabango yote yatachukuliwa na watu watarudi makwao.

Marko akawa anaangalia viatu vyake. Evarista akasogea mbele.

"Mwandiko ni wangu," alisema, kisha akamgeukia Hilda. "Shikamoo mama. Kwa lile la tatu nimekosa, naomba unisamehe. Haya mawili siyaombei radhi. Maji hatuna."

"Marahaba," Hilda alijibu. "Limeniuma, sitakudanganya."

Akamwomba askari aondoe lile moja tu, akawakaribisha akina mama ndani. Walikaa saa mbili wakibishana. Ikajulikana pampu ilikuwa imeungua na barua ya kuomba nyingine ilikuwa haijatumwa. Hilda akaisaini mbele yao. Maji yalitoka siku ya kumi na moja.

Marko alinuna, akidai ameombewa msamaha asiouhitaji. Evarista akamwambia aliombea mkono wake mwenyewe, wa Marko haumhusu.

Tangu hapo ameandika mabango mengine ya kuwasema wakubwa, makali kuliko yale. Amemkatalia mteja mmoja tu, aliyetaka kilema cha diwani kiandikwe kwa herufi kubwa.