Kola ya Shati la Buluu

Wenzake walimwita Spana. Alikuwa fundi magari, na hakuwa mtu wa kupita mbele ya kitu kilichofungwa asitake kujua ndani kuna nini. Redio, kufuli, hata mzani wa muuza nyama aliwahi kuvifungua, na vingi vilirudi vikafanya kazi. Nguo tu ndizo hazikuwahi kumshughulisha. Kwake zilikuwa kama mvua: zinakuja zenyewe. Anafungua kabati, zipo, safi, zimekunjwa, anavaa, huyoo.

Mwaka aliostaafu, binti yao alijifungua, mkewe akaenda kuwatunza mzazi na mtoto. Spana akabaki na jiko na kapu la nguo chafu.

Siku alipojitosa kufua, aliona kola ya shati lake la buluu, kipenzi chake, imelika kwenye mkunjo, nyuzi zimechomoza kama ndevu za beberu. Akaipapasa. Kumbe kola ni vitambaa viwili vilivyobebana! Tairi likilika upande mmoja, si unaligeuza? Akachukua wembe, akaketi dirishani, akafumua mshono mmoja mmoja, akaitoa kola nzima na kuigeuza.

Upande wa pili nao ulikuwa umelika. Tena ulikuwa umetiwa uzi mahali palipolika, mishono midogo kama punje za mchanga, na ukingoni kulikuwa na safu mbili za matundu ya sindano. Spana aliijua alama hiyo, kama anavyoijua nati iliyowahi kuguswa na spana nyingine. Kuna mtu alishafungua hapa.

Akampigia mkewe simu.

"Mama watoto, ile kola ya shati la buluu..."

"Umeifanya nini?"

"Nimeifumua."

"Mungu wangu! Hata mwezi sijamaliza!"

"Kuna mtu aliwahi kuigeuza."

Mkewe akaangua kicheko. "Mtu gani tena? Ni mimi, mume wangu. Mwaka ule binti yako alipoingia sekondari. Hukuona?"

"Sikuona."

"Basi kazi ilikuwa nzuri. Ukiona vyaelea, baba, jua vimeundwa."

Spana alirudi chumbani, akamwaga kabati zima kitandani na kuanza kugeuza nguo nje ndani. Makalio ya suruali ya kazini yalikuwa yameungwa kwa ndani na kipande cha pazia la zamani la sebuleni. Mfuko wa koti ulikuwa foronya yenye maua; miaka yote hiyo alikuwa akitia funguo zake kwenye maua. Viwiko vya sweta vilikuwa vimefumwa upya kwa sufu iliyokaribiana nayo rangi, lakini haikufanana kabisa. Aliona haya kidogo, ila udadisi ulimshinda. Alifanyaje hapa? Huu uzi ulipita wapi?

Ikawa kila jioni anapiga simu, hadi binti yake akasikika kwa nyuma, "Baba anaulizia mjukuu au vifungo?"

"Vyote," Spana akajibu. "Mjukuu hajambo? Haya, nipe mama yako."

Mkewe akamwelekeza akate kitambaa cha kola mpya kwenye shati lenyewe, chini nyuma, sehemu inayochomekwa, kisha pengo alizibe kwa kitambaa chochote. Kola ya zamani aliilaza juu ya kitambaa, akaifuata kwa chaki. Mara ya kwanza pembe moja ilitoka kali, nyingine mviringo kama sikio. Akafumua, akaanza tena. Vidole vilivyozoea boliti vilichomwa sindano hadi vikakoma.

Mkewe aliporudi, Spana alimpokea kituoni amelivaa shati lile. Mama watoto hakusalimia. Alitua mizigo, akaikunjua kola, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Mishono mikubwa hii."

"Itashika?"

"Itashika."

Kisha, palepale mbele za watu, akamchomoa shati nyuma aone alivyoziba pengo. Likatokea pande la manjano lenye vidoti vyekundu.

"Hiki si kilemba changu?"

"Kilikuwa kwenye matambara!"

"Nani alikwambia ni matambara?" Lakini alishaanza kucheka, akacheka mpaka akamshika bega asianguke. Akamchomekea shati mwenyewe, akambebesha begi kubwa, wakaanza kwenda, huku akimuuliza kama alipiga pasi kabla ya kushona au baada.