Mshairi Mrusi kapigiwa makofi, mfasiri wake kazuiwa kambini

Leo nimesoma mbele ya watu mashairi ambayo mwenye haki ya kuyasoma alikuwa amezuiwa kwenye geti la kambi.

Nina hasira, mnisamehe.

Mashairi ni ya mwanamke wa Kirusi. Yupo hai, amekimbia kwao kwa sababu ya kuandika.

Aliyeyatia kwenye Kiswahili ni Mama Odette, Mrundi aliyesoma Urusi ujanani. Sasa ni mkimbizi hapa Kigoma. Kafanya kazi miezi minane kwenye madaftari ya wajukuu zake.

Asubuhi wamemnyima kibali cha kutoka kambini. Eti mashairi si dharura.

Basi nikasoma mimi, ukumbini Katubuka, hapa mjini. Shairi la mwisho, mshairi anamwomba askari wa mpakani amruhusu ageuke mara moja tu aangalie kwao.

Ukumbi kimya. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, akafuta machozi, akasema, "Kumfukuza mshairi kwao ni aibu ya dunia."

Nikamwambia, "Mzee, aliyetafsiri yuko kambini. Ofisi yako ndiyo imemnyima kibali leo."

Akatabasamu. "Huyo ni mkimbizi, mwalimu. Utaratibu ni utaratibu."

Na watu wakapiga makofi. Watu walewale.

Nimempigia Mama Odette. Kaniuliza kitu kimoja tu: "Mwalimu, pale kwa askari, walinyamaza?"

"Walinyamaza, mama."

"Basi wameelewa."

Yale makofi ya mwisho sikumwambia, nyie.