Vitanda vya Hosteli na Msiba wa Jirani

Baba alipopata kiharusi, karakana yake ya kuchomelea vyuma pale Igoma iliangukia mikononi mwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea utawala wa biashara. Hakuna aliyeuliza kama naweza. Mkubwa wa mafundi ni baba mdogo. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, kisha nabaki nimesimama, sijui namna ya kumwagiza kazi mtu niliyetoka kumwamkia. Niliishia kuomba. "Baba mdogo, kama utapata nafasi..." Mara nyingi hakuipata.

Oda ya kwanza niliyoitafuta mwenyewe ilikuwa vitanda vya dabo deka vya hosteli ya chuo. Wanafunzi wangefika Jumatatu. Baba alishaanza kuzungumzia kuuza mashine, nami nilijiambia kwamba oda hii ikienda vizuri, ataacha.

Alhamisi asubuhi tulikuta turubai limefungwa ng'ambo ya barabara. Mama muuza mkaa alikuwa amefiwa na mumewe. Msiba ukiwa karibu hivyo, mashine ya kukatia chuma haiwashwi mpaka watu wazike, na maziko yalikuwa Jumapili, wakisubiriwa watoto kutoka Dar.

Chuoni tulifundishwa kwamba kiongozi mzuri hushirikisha watu wake. Nikawakusanya mafundi.

"Jamani, mnaonaje?"

Mmoja alikuwa anakwangua rangi kwenye kucha. "Tunasubiri utuambie, bosi."

"Lakini nataka maoni yenu."

"Maoni ya nini? Unataka tupige grinda masikioni mwa wafiwa? Digrii hiyo!"

Walicheka, kwa sauti ya chini, kwa heshima ya msiba. Baba mdogo hakucheka. "Kaka angeshasema," alisema. "Hata kama angekosea, angeshasema."

Niliwaza wanafunzi wakilala sakafuni. Nikawaza baba na mashine zake. Nikamwaza yule mama, aliyekuwa akituletea uji hospitali baba alipolazwa. Niliyazungusha hayo mpaka kichwa kikachoka. Nilipofungua mdomo, sauti ilitoka nyembamba.

"Hakuna kuwasha mashine. Vitanda vilivyokwisha kuchomelewa vipigwe msasa kwa mkono, vipakwe rangi. Baba mdogo, simamia rangi. Mimi naenda msibani."

Alinitazama kidogo, akachukua brashi.

Msibani nilikaa mkekani na kina mama, tukichambua mchele. Simu ikatetemeka: mlezi wa hosteli. Nikaenda nyuma ya nyumba.

"Shikamoo mama. Jumatatu tutaleta nusu tu. Tuna msiba, hatuwezi kukata chuma."

"Na hao wengine walale wapi, mwanangu? Kichwani kwangu?"

"Nusu iliyobaki mpe fundi mwingine, mama."

Akavuta pumzi. "Haya. Leteni hivyo. Na poleni."

Jumatatu tulivipeleka, vikinuka rangi. Nusu ya pili ilitengenezwa na karakana nyingine, na nasikia ndiyo itakayopewa kazi ya mwakani. Nilimweleza baba yote. Aliuliza jambo moja tu: kama mashine iliwashwa. Nikamwambia hapana. Akafumba macho. Hajazungumzia tena kuuza. Wala hajasema kwamba hatauza, nami sina nguvu za kumuuliza.

Kesho yake nilimwamkia baba mdogo.

"Marahaba. Leo tunaanza na nini?"

Usiku kucha nilikuwa nimewaza mambo mengine, hilo sikuliwaza kabisa.

"Madirisha," nikasema.