Benchi la Chumba cha Kufulia

Shangazi yangu alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilalamikia joto. Joto lilikuwepo, tena la kukausha mate. Kulikuwa na mashine tatu za kufulia, mbili za kukausha, na moja kubwa ya kunyoosha mashuka, yenye roli za chuma zinazozunguka zikiwa za moto. Wanawake wawili huingiza shuka upande mmoja, wawili hulipokea upande wa pili na kulikunja likiwa bado linachoma vidole. Alikuwa akisema kazi ina joto lake kama ndoa. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, humjibu kwamba ndoa angalau ina Jumapili.

Alilolalamikia ni benchi.

Lilikuwa benchi la mbao la kukaliwa na watu watatu, kati ya dirisha na kabati la sabuni, na mbao zake zilikuwa zimelainika kwa kukaliwa. Mashine ya kukausha ikishawashwa huchukua dakika ishirini, na katika dakika hizo hakuna cha kukunja wala cha kunyoosha. Basi walikuwa wakikaa kwa zamu. Mtu anavua viatu, ananyoosha miguu, anapiga soga kidogo, mashine ikilia anainuka. Wasimamizi watatu walipita, hakuna aliyeona kosa.

Huyo wa nne, wanawake walimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Hakuwa mtu wa kufoka. Alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, akaongea taratibu, akaandika kila kitu. Mwezi wake wa kwanza aliagiza simu zote zikusanywe saa moja asubuhi na kufungiwa kabatini, ufunguo akabaki nao yeye. Wanawake walinung'unika, wakazoea. Mwezi wa tatu wakaja wageni kutoka makao makuu, wakamkuta shangazi na mwenzake wamekaa, viatu chini. Mgeni mmoja akauliza hawa wanasubiri nini. Angejibiwa kwamba wanasubiri mashine, pangeharibika nini? Lakini Bwana Utaratibu aliona aibu, na mtu mwenye aibu mbele ya wakubwa zake hutafuta wa chini wa kumtupia. Kesho yake benchi halikuwepo. Baada ya wiki mbili shangazi aliliona nje ya ofisi ya Bwana Utaratibu, limepakwa rangi, wamelikalia wauzaji wa sabuni waliokuja kumwona.

Tangu hapo walisimama saa nane kwa siku. Nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi na nilikuwa nakaa kwake, kwa hiyo niliyaona mwenyewe. Alirudi jioni amebeba viatu mkononi kuanzia kona ya mtaa. Vifundo vya miguu vilimvimba hadi alama ya soksi ikawa kama kamba iliyofungwa. Alinunua viatu vikubwa zaidi kwa namba moja, kisha kwa namba mbili. Mumewe, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alimtengenezea mto wa kuwekea miguu, na kila jioni alimwekea beseni la maji ya uvuguvugu bila kuulizwa.

Mimi ndiye niliyemwandikia barua, kwa sababu alisema mwandiko wake unafanana na miguu yake. Tuliandika tatu. Tuliomba benchi lirudishwe, au viti viwili, au hata stuli moja. Zote alizitumbukiza kwenye sanduku la maoni lililokuwa ukutani karibu na mlango mkuu. Baada ya miezi minne mfagizi alimnong'oneza kwamba asijisumbue, ufunguo wa sanduku lile ulipotea zamani na hakuna aliyewahi kulifungua. Shangazi alicheka siku hiyo, lakini hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu.

Kati ya wenzake alikuwepo msichana mmoja waliyemwita Kinanda, kwa kuwa alikuwa akiimba kwa pua huku anakunja. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na shangazi alimpenda kama mdogo wake. Asubuhi moja ya Jumatano alifika akiwa na homa. Saa nne akamfuata Bwana Utaratibu, akaomba akae kidogo tu. Jibu alilopewa ni kwamba kama anaumwa aende akaandikishwe kama wagonjwa wengine, na kama haumwi arudi kazini, huo ndio utaratibu. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika getini. Akarudi kazini.

Shangazi alikuwa upande wa pili wa mashine, anapokea. Aliona shuka likija limepinda, jambo ambalo kwa Kinanda halikuwa la kawaida. Akainua macho, akamwona binti anayumba, na mkono wake wa kulia unatangulia pamoja na shuka. Alipiga kitufe cha kuzima mashine kwa ngumi. Roli zilisimama, lakini vidole vilikuwa vimeshaingia.

Sitaeleza alivyolia. Shangazi mwenyewe hakupenda kueleza. Alisema tu kwamba ilikuwa bahati kuungulia hospitalini, na kwamba huo ndio utani pekee aliobaki nao siku ile.

Baada ya siku tano Bwana Utaratibu akaanza kuwaita ofisini mmoja mmoja. Mezani kulikuwa na karatasi ya maelezo ya ajali iliyokwisha kuandikwa, inahitaji saini tu. Wawili walitia. Mmoja wao, aliyeitwa Mama Pacha, alimwambia shangazi koridoni kwamba wanawe wako sekondari, kwa hiyo ni heri kufunika kombe mwanaharamu apite.

"Huyu hapiti," shangazi akamwambia. "Huyu ana ofisi."

Aliingia, akasalimia, akasomewa. Akaomba asome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akarudia.

"Hapa pameandikwa kwamba alikuwa anaongea na simu."

"Ndivyo ilivyoripotiwa, mama."

"Simu zetu unazifungia wewe asubuhi, na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Siku ile aliitoa wapi?"

Aliniambia kwamba Bwana Utaratibu hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta, akamkumbusha kwa upole kuwa amebakiza miaka mitano astaafu, na kwamba mtu mzima hupima. Shangazi akamjibu kwamba ameshapima, akaomba karatasi safi aandike alichokiona. Akaambiwa hakuna. Hospitali nzima ile, karatasi hakuna.

Jioni hiyo alikataa beseni la maji. Alikaa mezani na mimi hadi tukamaliza kurasa mbili: saa Kinanda alipofika, saa alipoomba kukaa, jibu alilopewa, jinsi shuka lilivyokuja limepinda. Nilitaka kuongeza maneno makali, akanikataza. "Andika nilichokiona tu," alisema. "Hasira yangu haikuwepo pale." Mumewe alisikiliza huku anapachika vifungo, na mwishoni akauliza swali moja tu, kama ana hakika. Akasema ndiyo, akatia saini.

Sanduku la maoni hakuligusa tena. Alipanda hadi ofisi ya mganga mkuu, akamkabidhi katibu barua, na akagoma kutoka mpaka nakala yake igongwe mhuri.

Kamati ya watu watatu iliundwa. Shangazi alihojiwa kwa saa nzima. Kisha wakamwita Mama Pacha, wakamuuliza hiyo simu ilikuwa ya rangi gani. Akaanza kulia, akasema alitia saini bila kusoma, na kwamba hakuna simu yoyote aliyoiona.

Kinanda hakufukuzwa kazi, ingawa barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa. Jeraha lake lilikubaliwa kuwa la kazini, akatibiwa hadi mwisho, akapewa likizo. Vidole viwili vimegoma kukunjika, na sasa yuko stoo, anagawa sare na sabuni kwa mkono wa kushoto. Chumba cha kufulia kililetewa stuli tatu za plastiki. Bwana Utaratibu alipewa onyo, na kabla ya mwaka kwisha akahamishiwa hospitali kubwa zaidi. Waliomjua walisema amepanda cheo. Shangazi hakutaka kuthibitisha.

Yeye stuli zile hajazikalia. Wiki moja baada ya kamati kumaliza kazi yake, ilikuja barua ya kumhamishia chumba cha chini, kunakopokelewa mashuka machafu. Huko huchambua kwa mikono yenye glavu: ya damu huku, ya matapishi kule, na kutafuta sindano zilizosahaulika kwenye mikunjo. Barua ilisema ni mabadiliko ya kawaida ya kazi. Alimwuliza msimamizi mpya, mwanamke mpole, kama angeweza kurudi juu. Akajibiwa kwamba hilo liko nje ya uwezo wake, na shangazi anaamini hakudanganya.

Mama Pacha alikuja nyumbani Jumamosi moja na khanga mpya kama zawadi. Aliomba msamaha huku anaangalia sakafu. Shangazi alimpikia chai, akamuuliza habari za pacha, akapokea khanga, lakini hakumsindikiza zaidi ya mlangoni. Nilipomuuliza kama amemsamehe, alisema mtu mwenye watoto sekondari hasemwi, na akaingia chumbani.

Sasa akirudi kutoka kazini hasalimii mtu mpaka aoge. Anapita pembeni ya ukuta, kichwa ameinamisha, na sisi tunajua kumwacha. Mama yangu humwambia aombe kustaafu mapema, na yeye hujibu kwamba ataangalia. Juzi nilimuuliza waziwazi kama anajuta.

"Kuandika sijuti," alisema, akijipaka mafuta vidoleni. "Ila kule chini, mwanangu, kunanuka. Usiniambie nijizoeze."

Nilimwekea maji mengine ya moto, naye akaenda kuoga mara ya pili.